Kiwanja cha Kabuku na Njia Isiyoandikwa

Mwanangu Zainabu,

Leo tumeshaamkiana mara tatu, asubuhi, mchana na ulipokuwa unatoka, kwa hiyo salamu naziruka. Umekwenda Mtonga kumuaga shangazi yako, na mimi namjua dada yangu, hakuachii kabla hujala mara mbili. Nina muda. Mambo ya safari nayo siyagusi. Kufunga begi, kutotia simu mfuko wa nyuma, baridi ya Dodoma asubuhi, hayo yote shangazi yako anakuelekeza sasa hivi, na pengine ameshafika kwenye sabuni.

Mimi nataka kukuandikia habari za bei za nyumba na viwanja. Usicheke. Ndiyo kazi pekee niliyoijua vizuri. Miaka ishirini na ushee nimekuwa dalali hapa Korogwe, na wewe unakwenda kuanza kazi ya uthamini, kukaa ofisini ukiandika nyumba ya nani ina thamani gani. Wiki iliyopita ulinionyesha kwenye kompyuta yako ramani ya mji mmoja mkubwa, kila mtaa una rangi yake: nyekundu pale nyumba zilipopanda bei, buluu pale zilipolala. Ukaniuliza, "Baba, ukipewa Korogwe na Handeni uzipake, ungezipaka rangi gani?" Nikakujibu kwa mzaha kwamba ningemaliza kopo la kijivu. Swali lilikuwa zuri na lilistahili jibu.

Kuna na swali la pili, ambalo unaniuliza tangu Shaaban. Unaitaka hati ya mauziano ya kiwanja cha mama yako cha Kabuku. Kesho unataka kushuka Kabuku, ulale kwa mjomba wako Hemedi, uende baraza la kata kumlalamikia Mzee Saitabau, aliyekinunua, kwa sababu ametufungia njia ya kwenda kwenye kaburi la bibi yako mzaa mama. Hati unayoitaka ninayo. Ufunguo wa sanduku, ule niliokwambia siuoni, haukupotea hata siku moja. Nitafika huko, ila naanza na swali la kwanza kwa sababu ni jepesi na kwa sababu baba yako ni mwoga.

Nilianza udalali baada ya kupunguzwa kazi kwenye mashamba ya mkonge, ambako nilikuwa karani wa kupima matita ya majani yaliyokatwa. Nilikuwa na baiskeli, shati moja jeupe, na mdomo. Sikujua kwamba nyumba ina bei kama kilo ya maharage ilivyo na bei. Nilidhani mtu anauza kwa anachotaka na mwingine ananunua kwa alichonacho. Ilinichukua mvua kadhaa kuelewa, na nasema mvua kwa sababu hapa Korogwe somo la kwanza nilifundishwa na mto. Kiwanja cha bondeni kiangazi kinapendeza kuliko vyote: tambarare, udongo laini, migomba jirani, bei nafuu kidogo ili kukushawishi. Masika kinakuwa bwawa. Nilimuuzia fundi cherehani mmoja kiwanja cha namna hiyo mwezi wa tisa. Mwezi wa nne nikamkuta amepandisha cherehani juu ya meza, meza juu ya kitanda, na yeye amesimama mlangoni maji yakimfika magotini. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Wewe hukujua?" Nilijua. Tangu siku hiyo mteja wa bondeni nilimwambia aje atazame masika, na nikapoteza wateja wengi kwa kusema hivyo.

Huku juu, Manundu na Kilole, bei imepanda polepole bila fujo, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Karibu na stendi imepanda kwa kuruka. Lakini karibu na stendi watu hawanunui nyumba ya kuishi, wananunua ukuta wa mbele ili wapige fremu za maduka, na familia inarudishwa nyuma kwenye vyumba viwili visivyo na dirisha. Ukiambiwa mtaa fulani umepanda, uliza nani amehamia chumba cha nyuma. Kwenye ramani yako sikuona rangi ya hilo.

Handeni ni habari nyingine kabisa. Handeni nyumba inaulizwa maji kabla ya vyumba. Nimeonyesha watu nyumba ya vyumba vinne, vigae sakafuni, dari safi, mteja akapita moja kwa moja hadi uani, akafungua bomba, likakohoa, akageuka akaniambia, "Mzee, asante, tuondoke." Na nimeuza kibanda cha udongo kwa bei iliyonitia aibu kuitamka, kwa sababu kilikuwa na kisima kisichokauka. Lami ilipofika, bei za Handeni zilipanda kando ya barabara tu. Ukiingia ndani hatua mia mbili unarudi kwenye bei ya zamani na vumbi la zamani. Ukame ukizidi, hakuna mauzo kabisa. Watu wanauza mbuzi kwanza, halafu mahindi yaliyobaki, halafu baiskeli, na nyumba inakuja mwisho, wakati kila mtu anauza na hakuna wa kununua. Nyumba zilizonunuliwa kwa bei ya kutupa Handeni nyingi zilinunuliwa katika miezi hiyo. Nami nilikuwemo, nikiwaleta wanunuzi.

Kuna mwaka uliwahi kuniuliza kwa nini siendi Mpale, kwa kuwa huko milimani kuna hewa nzuri na ardhi ya rutuba. Nilikwenda mara moja, na mteja kutoka Dar es Salaam aliyetaka mahali pa kupumzika akistaafu. Tulipanda mpaka miguu ikatutetemeka. Wazee wa pale walitupokea vizuri, wakatulisha, wakatutembeza mashamba yote. Mteja alipotaja pesa walitazamana kwa upole kama tumewauliza bei ya ndugu yao. Mmoja akasema, "Hapa kaka akichoka, mdogo wake ndiye anayelima." Tukarudi na gunia la kabichi. Mpale ipo kwenye ramani, watu wanaishi na nyumba zinajengwa, lakini mauzo hakuna wa kukuandikia. Sijui ofisi yenu huwa inapaka rangi gani mahali ambapo hapauzwi.

Na majira, usiyasahau majira. Mwezi wa kwanza wanaouza ni wenye watoto wa sekondari. Baada ya mavuno ya mahindi na machungwa wanunuzi wanajitokeza, wamevaa viatu vipya. Wafugaji wa nyika za Handeni wananunua mvua ikishanyesha vizuri, ng'ombe wakiwa wanene na mnada una bei. Zamani hawakununua kabisa. Baada ya ukame ule ulioua mifugo mingi, nikaanza kuwaona wanakuja wawiliwawili na fimbo zao, wanazunguka kiwanja kimyakimya, wanapiga ardhi kwa kisigino. Mmoja wao aliniambia, "Nyumba haifi kiangazi." Huyo ndiye Mzee Saitabau, na sasa naona nimeshafika Kabuku bila kupenda.

Kabuku ulikuwa ukiijua tangu mtoto. Miaka ile ilikuwa mahali pa kununua machungwa dirishani na kuendelea na safari. Kiwanja kile mama yako aliachiwa na mama yake, hatua chache nyuma ya barabara kuu, kimezungushiwa mkonge kama mipaka ya kwetu ilivyo, na bibi yako amezikwa pembeni upande wa mashariki. Nilikihesabu kuwa cha kulima kunde. Halafu malori yakaongezeka, wakaja wa gereji, wa nyumba za wageni, wa chipsi, na katika muda wa kama miaka mitatu bei ya Kabuku ikapanda mpaka nikaanza kuota. Nilikuwa nafika pale kila wiki. Kila wiki mtu ananiuliza, "Kile cha nyuma kile cha nani?"

Nikamshauri mama yako tuuze. Nyumba hii unayoiacha kesho ilikuwa kuta tu, wewe ulikuwa unalala kwa shangazi yako kwa sababu hatukuwa na paa. Sikumlazimisha. Alifikiri siku nyingi, akamwita kaka yake Hemedi wakazungumza, kama ilivyo desturi yao, kwamba ardhi ya mama haiuzwi na mume. Wakakubali. Alitoa sharti moja. Alisema, "Makaburi yasiuzwe, na njia ya kwenda kwa mama iandikwe. Upana wa jeneza." Maneno yake hayo, upana wa jeneza, kwa sababu alitaka na yeye akizeeka azikwe pale kama ikibidi.

Hilo la njia lilikuwa ombi la kawaida kabisa. Wewe umesoma uthamini, sijui kama vitabuni limo, lakini kwetu huku mashamba mengi yana wazee wamelala ndani yake. Sentensi ya kwanza dalali anayojifunza ni "makaburi hayauzwi." Ya pili ni njia ya kuyafikia, kwa sababu kaburi likiwa lako na ardhi inayolizunguka ni ya mtu, unalo kama vile huna. Nimewaandikia watu njia hizo mara nyingi sana. Nimewagombeza wateja waliosahau. Nilishawahi kurudi Segera kwa mguu, jua kali, kwa sababu hati ya mjane mmoja ilikuwa haina njia, nikawafuata wanunuzi mpaka wakaiongeza. Waswahili husema mganga hajigangi.

Saitabau alitaja bei ambayo sijawahi kuitajiwa Kabuku kabla ya siku ile. Ilitosha bati zote, mbao, na saruji ya sakafu. Nilikuwa na uzoefu wa miaka, na uzoefu ndio ulioniponza. Nilijua kiwanja chenye njia ya watu hushuka bei. Nilishaona mnunuzi anaondoa robo nzima kwa ajili ya kichochoro cha majirani kwenda kisimani. Nikaona pia kwamba Kabuku imefika kileleni, kwamba baada ya miezi miwili bei itaanguka na sisi tutabaki na kunde. Nilikuwa na hakika hiyo kama ninavyojua jina langu. Bei haikuanguka, kiwanja kama kile leo kinakwenda mara tatu ya kile tulichopata, lakini hilo silo ninaloliungama.

Niliandika hati kwa mkono wangu. Niliandika kwamba makaburi hayauzwi. Njia sikuiandika. Nilijiambia nitamweleza Saitabau baadaye kwa mdomo, akishalipa, akishazoea, kirafiki. Hatukupitia hata ofisi ya kijiji, tulisema tutapeleka karatasi siku nyingine, kama watu wote wanavyosema. Saitabau alisaini barazani kwake mbele ya majirani wawili wa mpaka. Mama yako alisaini hapa hapa, ndani ya kuta zisizo na paa, kwa sababu macho yake wakati ule yalikuwa na mtoto wa jicho na hakutaka safari. Hemedi alikuwepo, na Hemedi kusoma hajui.

Mama yako akaniambia, "Nisomee."

Nikamsomea. Nikasoma majina, mipaka minne, bei, makaburi hayauzwi. Halafu nikasoma, kwa sauti ileile, bila kusita, "na njia ya kwenda makaburini ibaki wazi, upana wa jeneza, kwa vizazi vyote." Hiyo "kwa vizazi vyote" niliiongeza papo hapo, ilikuja yenyewe, nikaona inapendeza. Yeye akatikisa kichwa akasema, "Hapo umeandika vizuri." Akashika kalamu.

Zainabu, sentensi ile haimo kwenye karatasi. Haikuwahi kuwemo. Nilimsomea mama yako kitu ambacho hakikuandikwa, na akasaini.

Nimeweka kalamu chini nikaenda kunywa maji, nimerudi. Sina cha kuongeza kwenye aya hiyo.

Kwa Saitabau sikwenda kusema. Wiki ya kwanza niliona mapema. Mwezi wa pili niliona nimechelewa. Kiwanja kilikuwa wazi, mama yako alikwenda kaburini mara mbili akipita katikati ya mkonge, hakuna aliyemzuia, nikajipa moyo kwamba njia ni miguu ya watu wala si karatasi. Alipougua na kulala ule ugonjwa wa mwisho, siku moja nikiwa namgeuza kitandani aliniambia, "Hata nisipozikwa kule, Zainabu njia anayo." Nikamjibu, "Anayo." Niliuza nyumba nyingi kwa maneno matamu na usingizi nikapata. Neno hilo moja ndilo linaloniamsha. Naona aibu, mwanangu, na aibu ya mzee haina pa kuipeleka.

Mwaka jana Saitabau akajenga ukuta na kuweka geti. Shaaban ilipofika mkaenda na shangazi yako kuzuru na kufyeka, mkakuta geti limefungwa na watoto wa nyumba hawataki kuwafungulia watu wasiowajua. Mkangoja juani. Saitabau aliporudi kutoka mnadani wewe ulikuwa umeshachemka. Shangazi yako alinisimulia ulivyosema. Ulimwambia njia imeandikwa kwa vizazi vyote, kama mama yako alivyokusimulia. Ulimwita mwizi wa makaburi, watoto wake wakisikia. Yeye akasema, "Leteni karatasi." Ukaja nyumbani ukaniambia, "Baba, nipe karatasi," nami nikakwambia ufunguo wa sanduku siuoni.

Nilikuacha umchukie mtu miezi yote hiyo. Ulikuwa ukila, unamtaja. Ukisikia redio inaongelea migogoro ya wafugaji na wakulima, unamtaja. Siku moja ulisema, "Hawa watu hawana heshima kwa wafu," nami nilikuwa natafuna, nikaendelea kutafuna. Nilipaswa kukukatiza pale. Mtu yule hakuvunja neno lolote. Alinunua kiwanja kizima kwa karatasi niliyoiandika mimi, na kama unakwenda baraza la kata na hati hii, watakaoisoma watakuuliza wewe njia iko mstari wa ngapi.

Jumatatu nilikwambia nakwenda Handeni kumwonyesha mteja nyumba. Sikwenda Handeni. Nilishuka Kabuku nikatembea mpaka getini kwa Saitabau, nikapiga hodi kama mtu anayedaiwa. Alinikaribisha, mkewe akaleta chai ya maziwa, tukaulizana mvua, malisho, watoto. Nikazungukazunguka kwa maneno mpaka yeye mwenyewe akaniambia, "Mzee, umekuja na jambo. Liweke chini."

Nikaliweka. Nilimwambia yote, kama nilivyokuandikia, hata ile "kwa vizazi vyote." Alisikiliza akiwa anachora chini kwa ncha ya fimbo. Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Ungeniambia siku ile, mimi ningekataa?"

Akaendelea, "Ng'ombe zangu tangu nimezaliwa zinapita kwenye mashamba ya watu. Mimi nisijue maana ya njia? Ungeniambia kuna mama analala pale, watoto wake wanataka kuja kumwamkia, ningekuongezea na kivuli cha kukaa."

"Nilidhani utashusha bei," nikasema.

"Hukuniuliza."

Kisha akanishika mkono akanipeleka mpaka pembeni, upande wa mashariki. Kaburi la bibi yako amelizungushia matofali, mistari mitatu, safi, yamepigwa lipu. Alisema ndama walikuwa wanalikanyaga, akaona si vizuri. Geti alilifunga kwa sababu ndama wawili waliibwa. Nilisimama pale nikasoma dua yangu, na sikujua nimwombee nani kwanza.

Nikamwambia tuandike njia sasa, nimlipe thamani yake, kwa bei ya leo, na mbuzi wa kumwomba radhi. Nilikuwa nimeshafanya hesabu njiani, kazi ni kazi. Akacheka kidogo. Akasema, "Njia nafungua, na karatasi tutaandika, na pesa yako sitaki. Mbuzi pia sitaki. Lakini binti yako aliniita mwizi hapa, wanangu wamesimama palepale ulipo wewe. Mdogo aliniuliza usiku ule, baba, tumeiba nini? Nataka uje uwaambie wewe. Na binti awepo, asikie wakisikia."

Nilijaribu, mwanangu, sitakuficha. Nilimwambia wewe unasafiri, una kazi mpya, una haraka. Nilimwambia nitakuja peke yangu. Dalali hafi, bado nilikuwa napatana. Akanitazama tu mpaka nikanyamaza. Tukakubaliana iwe siku ya safari yako, yaani kesho, saa nne asubuhi, kwa kuwa nilijua ungeshuka Kabuku kwa vyovyote.

Kwa hiyo hakuna kesi ya kupeleka baraza, na njia ya bibi yako ipo kwa sharti la mimi kusema na wewe kusikia. Ningeweza kukuacha usikie huko huko. Ingenipunguzia barua hii. Lakini sikutaka ujue habari ya baba yako kwenye uwanja wa mtu, watoto wasiokujua wakikutazama usoni waone utafanyaje. Ulie hapa nyumbani ukitaka, au unikasirikie hapa, mlango umefungwa. Mjomba wako Hemedi nimempigia leo mchana. Alikata simu. Baadaye alipiga tena akasema atakuwepo.

Kuhusu kazi yako nina neno moja tu, na siyo onyo. Utakutana na bei nyingi, zimeandikwa vizuri, zimejumlishwa, zimegawanywa kwa mitaa. Nyingi zitakuwa za kweli. Bei ya kiwanja chetu ilikuwa ya kweli, ningeiapia, na ukiwauliza watu wa Kabuku wa mwaka ule watakwambia mzee yule aliuza vizuri sana. Ukiona mahali bei imekaa vizuri kupita jirani zake, shuka kwenye gari uulize nani alikuwa anapita hapo.

Hati iko ndani ya bahasha hii, nyuma ya barua. Ni karatasi moja, isome yote. Saini ya mama yako iko chini kulia. Imekwenda juu kidogo ya mstari kwa sababu hakuwa anauona mstari, nami ndiye niliyemwelekeza kidole mahali pa kuweka.

Barua naiweka juu ya begi lako, nami nakwenda kulala mapema, au kujifanya. Ukitaka kuniamsha niamshe. Basi linaondoka saa kumi na mbili na nusu. Nimekata tiketi yangu ya Kabuku, na nilimwomba mkata tiketi asituweke pamoja. Wewe uko mbele, dirishani. Mimi kiti changu ni cha nyuma kabisa, cha mwisho. Ukiniita nitakuja kukaa nawe. Usiponiita sitanung'unika, tutakutana getini kwa Saitabau, na nitasema mbele ya watoto wake kila nililolisema hapa.

Baba yako.